Bajeti hupita Juni, boma hubaki likisubiri

Na Mwandishi Wetu

Ukuta umefika kwenye lenta na kuishia hapo. Ndani, mahali palipopimwa kuwa chumba cha kujifungulia, mbarika umeota ukampita mtu kimo. Tofali za upande unaopigwa na mvua zimeanza kumeguka. Palipotakiwa kuwa dirisha la dawa wamelala mbuzi wawili, wamefuata kivuli.

Hili ni boma la zahanati katika kijiji kimoja mkoani Dodoma, mbali kidogo na barabara ya lami. Wananchi walichimba msingi wenyewe, wakafyatua tofali, wakachoma, wakasomba mchanga kutoka korongoni. Mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku bado anapakiwa kwenye bodaboda hadi zahanati ya kata jirani.

Mwenyekiti wa kijiji alinifungulia kauntabuku. Kila ukurasa una majina ya wakuu wa kaya, na mbele ya kila jina kuna safu tatu: tofali, ndoo za maji, fedha taslimu. Aliyekamilisha amewekewa alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Mjane mmoja ambaye hakuwa na nguvu za kufyatua tofali ameandikiwa kwamba aliwapikia mafundi uji siku nne. Hakuna anayedaiwa.

Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya ukurasa mmoja wa mpango na bajeti ya halmashauri aliyopewa na diwani. Katikati kuna mstari mfupi: umaliziaji wa boma la zahanati, jina la kijiji, kiasi cha fedha. Mstari huo uliingia kwenye bajeti miaka miwili mfululizo. Miaka yote miwili fedha haikuja.

Mzee yule hakuniuliza kwa nini Serikali haina fedha. Anajua mahitaji ni mengi kuliko mfuko. Aliniuliza jambo moja, nami nikarudi nalo mjini likinisumbua: kama Bunge lilishapitisha, ni nani aliyeizuia njiani?

Jina lake rasmi ni makadirio

Mitaani tunasema bajeti. Kwenye vitabu vya Serikali jina lake ni Makadirio ya Mapato na Matumizi, na neno la kwanza limebeba nusu ya jibu la mzee yule. Serikali inakadiria itakusanya kiasi gani, kisha inakadiria itatumia wapi. Bunge likipitisha, linatoa ruhusa ya kutumia. Shilingi yenyewe bado haijapatikana. Lazima ikusanywe, iombwe au ikopwe.

Vitabu hivyo ni vinne. Kuna cha mapato, cha matumizi ya kawaida ya wizara, cha mikoa na halmashauri, na cha miradi ya maendeleo. Kila taasisi ina fungu lenye namba yake: Fungu 52 ni Wizara ya Afya, 43 ni Kilimo, 49 ni Maji, 56 ni TAMISEMI. Ndani ya fungu kuna kasma, na kasma ndiyo inayomtoa jasho mhasibu wa Serikali, kwa sababu fedha ya kasma moja haiwezi kwenda kununua kitu cha kasma nyingine mpaka kibali kitoke.

Lipo fungu moja ambalo kila mwananchi angefaa kulifahamu, nalo ni Fungu 22, la Deni la Taifa. Malipo ya deni hayasubiri kura ya mbunge kama zinavyosubiri dawa na madawati. Sheria inaagiza yachotwe moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Fedha zinapokuwa haba, anayetukopesha analipwa kwanza, mtumishi wa umma analipwa mshahara wake, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa miradi.

Katika bajeti ya 2024/25, iliyokuwa ya Sh49.35 trilioni, zaidi ya robo ilitengwa kuhudumia deni. Miradi yote ya maendeleo, kuanzia reli hadi boma la kijijini, ilitengewa takriban asilimia 30.

> Bunge likipitisha bajeti linatoa ruhusa ya kutumia. Shilingi yenyewe bado haijapatikana.

Na hata shilingi ikipatikana, haitoki hivihivi. Katiba, kuanzia ibara ya 135, inaeleza Mfuko Mkuu wa Hazina na masharti ya kutoa fedha humo. Katibu Mkuu wa Hazina ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali. Mkaguzi tunayemjua kwa kifupi cha CAG naye ana jina refu ambalo wengi hatulisomi hadi mwisho: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 143 inampa kazi ya kuhakikisha, kabla fedha haijatoka, kwamba matumizi yake yameidhinishwa. Huo ndio udhibiti. Ukaguzi huja baadaye.

Redio ya Juni

Wasomaji wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Alhamisi ya bajeti. Watu walizunguka redio dukani, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye karakana. Walikuwa wakisubiri vitu vichache: bia, sigara, soda, petroli. Siku kadhaa kabla, sukari ilianza kupotea madukani kwa sababu wenye maghala walikuwa wakisubiri kusikia bei. Kodi mpya zilikuwa siri ya waziri na watu wake mpaka azitaje mwenyewe.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwananchi katika bajeti: kusikiliza na kununua mapema.

Tanganyika ilipopata uhuru, Waziri wa Fedha alikuwa Sir Ernest Vasey, aliyewahi kushika kazi hiyohiyo Kenya chini ya wakoloni. Akafuata Paul Bomani, kisha Amir Jamal. Nchi changa ilikuwa na mpango wa miaka mitatu kuanzia 1961, halafu Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano wa 1964 hadi 1969. Mipango ilikuwa mikubwa, na sehemu kubwa ya fedha za maendeleo ilitegemewa kutoka nje. Tabia hiyo tulianza nayo mapema na ilichukua miaka mingi kuipunguza.

Mwaka 1972 likaja jambo ambalo athari yake inafika mpaka kwenye lile boma. Serikali ilianzisha Madaraka Mikoani na kuzifuta halmashauri zilizochaguliwa na wananchi. Jina lilisema madaraka yanapelekwa mikoani, lakini waliokwenda mikoani walikuwa maofisa wa Serikali Kuu na bajeti zao. Diwani aliyekuwa akibishana juu ya kisima cha kata yake hakuwepo tena. Sheria ya kuzirudisha halmashauri ilitungwa 1982 na zikaanza kazi tena 1984. Kwa maoni yangu, miaka ile kumi na miwili iliondoa mazoea ya wananchi kuhoji matumizi ya fedha za maeneo yao, na mazoea hayo hayajarudi kama yalivyokuwa.

Wakati huohuo Hazina ilikuwa ikikauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikala fedha na mafuta, bei ya mafuta ikapanda duniani. Desemba 1979 Waziri wa Fedha Edwin Mtei alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nchi ilikubaliana na shirika hilo.

Tumia ulichokusanya

Mageuzi makubwa ya namna bajeti inavyotekelezwa yalikuja katikati ya miaka ya 1990, na yalizaliwa na shida. Serikali ilikuwa ikitumia zaidi ya ilichokuwa nacho, pengo likizibwa kwa kukopa benki, na mfumuko wa bei ulipita asilimia 30. Mshahara wa mwalimu uliyeyuka kabla mwezi haujaisha.

Hapo ndipo Hazina ilipoanza kufuata kanuni ngumu: kila mwezi itatolewa fedha kulingana na kilichokusanywa, hata kama Bunge limeidhinisha zaidi. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kazi Julai 1996. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Julai 1998. Malipo ya Serikali yakaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na wizara zikaanza kupanga kwa miaka mitatu mbele badala ya mmoja.

Mfumuko ulishuka. Jambo hilo lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu wanaoilaumu Hazina kwa ubahili husahau jinsi sarafu ilivyokuwa imechakaa. Lakini kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoanza kutenganisha bajeti inayosomwa na fedha inayotoka. Tangu hapo tumekuwa na bajeti mbili, na gazeti hili, kama mengine, limekuwa likiiandika ya kwanza kwa herufi kubwa.

Halafu kulikuwa na wafadhili. Katikati ya miaka ya 2000 takriban asilimia 40 ya bajeti ilitegemewa kutoka kwao. Bajeti iliyosomwa Juni 2005 ilikuwa ya Sh4 trilioni na ushee. Ya mwaka 2025/26 ni Sh56.49 trilioni. Utegemezi ulipungua mwaka hadi mwaka, lakini somo lilikuja kwa kishindo mwaka 2014, pale wafadhili waliposimamisha misaada ya kibajeti kwa sababu ya sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow. Halmashauri zilizokuwa zimepanga miradi kwa fedha hizo zilibaki na mpango wa karatasi.

Yapo pia mambo mema ya miaka hiyo ambayo watu hawajayasahau. Bajeti ya Juni 2003 ilifuta kodi ya maendeleo, ile iliyowafanya wanaume walale porini mgambo wanapopita vijijini na vitabu vya stakabadhi. Uamuzi mmoja uliosomwa kwa dakika chache ulirudisha usingizi kwenye maelfu ya nyumba. Bajeti inaweza kufanya hivyo.

Kalenda ilipogeuzwa

Hadi 2012, mwaka wa fedha ulikuwa ukianza Julai 1 huku wabunge bado wakijadili wizara, na mjadala ukienda hadi Agosti. Serikali ilianza kutumia kabla Bunge halijamaliza kukubali. Halmashauri zilipata uhakika wa bajeti zao robo ya kwanza ikiwa imekwisha, na mvua zikikaribia.

Mwaka 2013 utaratibu ukageuzwa. Mkutano wa bajeti sasa huanza Aprili na kumalizika Juni. Wizara hujadiliwa kwanza, hotuba kuu husomwa katikati ya Juni, na Julai 1 inaikuta sheria tayari. Bunge pia liliunda Kamati ya Bajeti, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Andrew Chenge, ili wabunge waketi na Hazina kabla ya mambo kuiva. Sheria ya Bajeti, iliyotungwa 2015, ikaupa utaratibu huo nguvu.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka huohuo wa 2013 wabunge waliigomea bajeti ya Wizara ya Maji mpaka ikaongezewa fedha. Miaka miwili nyuma, Julai 2011, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa imeondolewa bungeni baada ya wabunge kuja juu. Kwa hiyo si kweli kwamba Bunge halina meno kabisa.

Lakini meno hayo yana mipaka, na mipaka hiyo imo kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 99 hairuhusu mbunge kupeleka pendekezo la kuongeza kodi au matumizi. Hilo lazima litoke kwa Rais kupitia kwa waziri. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Siku ya kupiga kura, Katibu wa Bunge huita jina moja moja, na kila mbunge husimama na kujibu akisikika na wote. Haijapata kutokea bajeti kuu ikakataliwa.

Kushika shilingi

Silaha ya mbunge mmoja mmoja ni shilingi. Ukikaa bungeni siku wizara inapopitishwa utaona jinsi inavyotumika. Baada ya mjadala, Bunge zima hugeuka kuwa Kamati ya Matumizi na Spika akawa Mwenyekiti. Katibu anasoma fungu na kasma zake. Ikifika kasma yenye mshahara wa waziri, mikono inanyooka: mbunge asiporidhika na maelezo, anatangaza kwamba anashika shilingi.

Maana yake anapendekeza mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Ni kiasi cha kuchekesha kwa mgeni, lakini waziri yeyote hujikunja kitini, kwa sababu hoja ikiungwa mkono inajadiliwa, na lazima atoe ahadi mbele ya nchi nzima. Ahadi za barabara, visima na hospitali zimewahi kutolewa kwa sababu ya shilingi hiyo. Mbunge akiridhika, anairudisha.

Kisha muda unaisha. Kanuni zinasema muda uliopangwa ukikwisha, mafungu yaliyobaki yanapitishwa bila mjadala, na wenyewe wanauita utaratibu huo gilotini. Namba zinasomwa mfululizo, wanaokubali wanasema ndiyo, na mabilioni yanapita kwa muda wa kunywa chai. Nimekaa kwenye jukwaa la waandishi nikisikiliza kasma zikipita namna hiyo, na kila mara najiuliza ni boma la nani limo ndani yake.

> Anayeshika shilingi hupendekeza mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Kwa shilingi hiyo mbunge hununua maelezo ya waziri mbele ya nchi nzima.

Fedha inapokwama

Turudi kwenye swali la mzee. Nani aliizuia?

Upande wa Hazina una hoja, na ni nzito. Makusanyo hayaji kwa mstari mnyoofu. Miezi ya malipo ya kodi ya robo mwaka huwa na neema, mingine ni mikavu. Fedha za mkopo zilizotarajiwa Septemba zinaweza kuingia Machi. Mafuriko yakibomoa daraja, fedha za kulijenga lazima zitoke mahali. Mlipaji Mkuu akitoa zaidi ya kilichopo, tunarudi kwenye ule mfumuko wa 1994. Ofisa yeyote wa Hazina ukimbana atakuambia kwamba hazuii fedha, anagawa iliyopo.

Upande wa halmashauri nao una hoja yake. Mchumi wa wilaya anaanza kupanga baada ya mwongozo wa bajeti kutoka, mwisho wa mwaka. Anapewa ukomo. Vijiji vimeibua miradi kwenye mikutano yao, kata zimeichambua, baraza la madiwani limeijadili, na ukomo unasema ichukue michache. Anakata. Mkoa unakata, wizara inakata. Kilichobaki kinaingia kitabuni. Halafu Julai inapita, Oktoba inapita, na fedha ya mradi inaingia kwenye akaunti wiki ya mwisho ya Mei au Juni.

Hapo ndipo penye uchungu. Tarehe 30 Juni mfumo wa malipo unafungwa. Fedha ambayo haijatumika hurudi Mfuko Mkuu, isipokuwa kibali cha kuivusha kiombwe na kitolewe. Ofisa manunuzi ana wiki tatu za kutangaza kazi, kupata mzabuni, kununua mabati na saruji, na kulipa. Akikimbia sana, mkaguzi atamwandikia hoja kwamba alikiuka utaratibu. Asipokimbia, fedha inaondoka na kijiji kinaambiwa kisubiri mwaka ujao.

Kilimo kinatosha kuonyesha tofauti kati ya kitabu na akaunti. Mwaka 2016/17 Bunge liliidhinisha zaidi ya Sh100 bilioni za maendeleo kwa wizara hiyo. Ilipofika Mei 2017, zilizotoka hazikufika asilimia 5. Wakulima ni sehemu kubwa ya nchi hii, na mwaka ule walitengewa fedha ambazo hazikuwafikia. Baadaye mkondo uligeuka: bajeti ya wizara ilipanda kutoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi Sh954 bilioni mwaka uliofuata, na mwaka 2024/25 ikavuka Sh1.2 trilioni. Ni hatua ya kupongezwa. Ila sasa tumejifunza kuuliza swali la pili, la kiasi gani kimetoka.

Madarasa ya UVIKO

Lipo jambo linalonifanya niamini kwamba fedha inaweza kutoka yote na kwa wakati. Septemba 2021 IMF iliidhinisha mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 wa dola milioni 567 kwa Tanzania, takriban Sh1.3 trilioni. Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akazindua matumizi yake hadharani Dodoma, kila sekta ikitajiwa mgawo wake. Katika mgawo huo kulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja Sh20 milioni.

Miezi mitatu baadaye nchi nzima ilikuwa na harufu ya rangi mbichi. Mafundi walilala kwenye maeneo ya shule, na bei ya saruji ikawa mazungumzo ya kila kijiwe. Januari 2022 watoto wa kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja, bila wengine kubaki nyumbani wakisubiri chaguo la pili.

Dosari hazikukosekana, na CAG alizitaja. Lakini tazama kilichofanya kazi. Fedha ilitoka yote na ilitoka mapema. Na muhimu zaidi, kila mwanakijiji alijua namba: milioni ishirini, darasa moja. Mama muuza vitumbua aliweza kusimama mbele ya jengo akahesabu mabati na kuuliza. Mwalimu mkuu alijua anaangaliwa na watu wanaoijua hesabu.

Jambo kama hilo lilikuwa limeanza kimyakimya miaka michache kabla, ruzuku ya elimu bila malipo ilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na baadaye fedha za afya kwenye akaunti za zahanati. Shilingi iliyopunguziwa vituo njiani hufika ikiwa na uzito wake, na anayeipokea anajulikana kwa sura na kwa jina.

> Kila mwanakijiji alijua namba: milioni ishirini, darasa moja.

Anayepaswa kujua

Wizara ya Fedha hutoa Toleo la Mwananchi la bajeti, kwa Kiswahili kinachosomeka. Hutoa pia taarifa za utekelezaji katika mwaka. Ni kazi nzuri. Ila taarifa hizo zinahesabu kwa wizara na mafungu, na mzee wa kauntabuku hataiona kasma ya zahanati yake humo hata akizisoma usiku kucha.

Ripoti ya CAG nayo hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili. Inazungumzia mwaka ulioisha Juni iliyopita. Tunapoisoma na kushika kichwa, fedha ilishatumika, waliohusika wengine wamehamishwa, na bajeti nyingine iko mezani.

Majirani zetu wa Kenya wameandika ushiriki wa wananchi katika masuala ya fedha ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 201, na wana Msimamizi wa Bajeti anayetoa taarifa kila robo mwaka zinazoonyesha kaunti ipi imepokea na kutumia nini. Hilo halikuwaepusha na Juni 2024. Vijana waliona maoni yao kuhusu Muswada wa Fedha hayakusikilizwa, wakaingia barabarani, watu wakapoteza maisha, na Juni 26 Rais William Ruto akatangaza hatautia saini. Kuwaita watu kwenye ukumbi kisha kuandika kile kilichokuwa kimeshaamuliwa kunaumiza kuliko kutowaita.

Nasi tumeonja kidogo. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, kilio kilipanda kila kona, na Septemba Serikali ikazipunguza kwa asilimia 30. Wananchi walisikilizwa, na Serikali ilifanya vyema kusikia. Lakini walisikilizwa baada ya kukatwa, wakati tozo hiyo ilipita bungeni Juni, mchana kweupe, sisi wengine tukiangalia mpira.

Kinachohitajika hakihitaji kubadili Katiba. Hazina inajua tarehe na kiasi cha kila fedha inayotoka kwenda kila halmashauri. Halmashauri inajua imepeleka kiasi gani kwenye kijiji gani. Mifumo ya kompyuta tuliyojengewa kwa kodi zetu imebeba taarifa hizo tayari. Karatasi moja kila robo mwaka ingetosha, kwa Kiswahili, ikibandikwa kwenye ofisi ya kijiji: mradi huu, kiasi kilichoidhinishwa, kilichotoka, tarehe, na sababu kama hakijatoka. Mzee angepata jibu lake bila kumsubiri mwandishi wa habari apite.

Na kama jibu ni kwamba fedha haikupatikana, aambiwe hivyo. Watu waliosomba mchanga kwa vichwa wanaelewa maana ya kukosa.

Sheria za serikali za mitaa zinataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe walau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Katika vijiji vingi mkutano huo haufikishi akidi. Watu wamechoka kusikia, wanakwenda shambani. Viongozi wengine wanapumua wakiona viti vitupu.

Msomaji, mkutano wa kijiji au mtaa wako ukitangazwa, nenda. Uliza mradi uliopitishwa kwa jina la eneo lako umeshapokea shilingi ngapi na lini, na usiondoke mpaka jibu liandikwe kwenye muhtasari.